Vifaranga wa samaki wanaponyong'onyea njiani: dalili, sababu na hatua za kuchukua kati ya Jinja na Mbale

JINJA/MBALE – Mzigo wa vifaranga wa sato hutoka Jinja alfajiri ukiwa na samaki wachangamfu. Saa nne baadaye, mjini Mbale, mwenye bwawa anafungua mfuko na kukuta sehemu kubwa ya samaki wamelala ubavu. Hapo hapo ugomvi huanza. Muuzaji anasema samaki walitoka kwake wazima. Dereva anasema yeye alibeba alichopewa. Mnunuzi naye anakataa kulipa fedha iliyobaki.

Hasara si ndogo. Tukichukua mfano wa vifaranga 5,000 kwa shilingi 200 za Uganda kila mmoja, mzigo huo una thamani ya shilingi milioni moja. Wakifa watatu katika kila kumi, shilingi 300,000 zimepotea kabla samaki hawajala hata punje ya chakula. Anayezilipa mara nyingi ni yule asiyeweza kueleza nini kilitokea.

Hata hivyo samaki hawafi bila kutoa ishara. Namna wanavyoogelea, rangi ya matamvua yao, hali ya maji na hasa muda waliokufa huonyesha kosa lilifanyika wapi: bwawani kwa muuzaji, ndani ya gari, au wakati wa kumwaga. Makala haya yanaeleza ishara hizo na hatua ambazo mfanyabiashara au msafirishaji anaweza kuchukua bila vifaa vya gharama kubwa.

BIASHARA YENYEWE

Jinja ni mji wa samaki. Makao makuu ya Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, taasisi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa kwa mkataba wa mwaka 1994, yako mjini humo. Taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi ya Uganda, NaFIRRI, ina makao yake hapo pia, na kituo chake cha utafiti wa ufugaji kiko Kajjansi, kwenye barabara ya Kampala kwenda Entebbe. Ufugaji wa sato katika vizimba ndani ya ziwa, karibu na chanzo cha Mto Nile, ulianza kushika kasi katika miaka ya 2000, na vituo vya kutotoleshea vifaranga vikafuata.

Upande wa Mbale, chini ya Mlima Elgon, wako wafugaji wenye mabwawa ya kuchimbwa ambao hawatotoleshi wenyewe. Ng'ambo ya mpaka hali inafanana. Serikali ya Kenya ilipogharamia uchimbaji wa maelfu ya mabwawa chini ya mpango wa kuchochea uchumi ulioanza mwaka 2009, mahitaji ya vifaranga yaliongezeka kwa kasi kuliko vituo vya kuwazalisha. Ndiyo maana kifaranga akawa bidhaa ya barabarani, akisafiri kwa lori, pikapu, matatu na hata bodaboda.

MZIGO UNAOPUMUA

Mwenye kubeba mahindi hujali uzito na mvua. Mwenye kubeba samaki hai hubeba kitu kinachopumua na kutoa uchafu kila dakika, ndani ya maji yale yale. Mambo manne hutokea kwa pamoja.

Kwanza, oksijeni hupungua. Maji hubeba oksijeni kidogo sana, na kadiri yanavyopata joto ndivyo yanavyobeba kidogo zaidi. Katika mwinuko wa Jinja, ambao ni zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji ya nyuzi joto 25 yaliyojaa hewa kabisa hubeba takriban miligramu 7 tu za oksijeni kwa lita. Sato hustarehe ikiwa zaidi ya 5, na huanza kutaabika ikishuka chini ya 3.

Pili, joto huongeza matumizi. Maji yakipanda kwa nyuzi 10, samaki hutumia oksijeni karibu mara mbili. Kwa hiyo mfuko uliopigwa na jua hupata hasara mara mbili: oksijeni iliyopo ni ndogo, na inaliwa haraka.

Tatu, samaki hutoa hewa ukaa. Ikijaa ndani ya mfuko uliofungwa humlevya samaki, hata kama oksijeni bado ipo tele.

Nne, samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na kinyesi huongeza nyingine. Amonia iko katika hali mbili, moja yenye sumu kali na nyingine isiyo na madhara makubwa. Kinachoamua ni kiwango cha pH cha maji. Kwenye nyuzi joto 25, pH ikiwa 7, sehemu yenye sumu haifiki hata moja katika kila mia. Ikiwa 8 inafika takriban tano katika mia. Ikiwa 9 inapita theluthi. Jambo hili ni la kukumbuka, kwa maana ndilo linaloua samaki wengi baada ya kufika salama.

DALILI NA MAANA ZAKE

Samaki wote wako juu, midomo wazi. Hii ni njaa ya oksijeni. Ukiiona barabarani, chanzo ni mojawapo ya haya: samaki ni wengi mno, mfuko unavuja, au maji yamepata joto. Simama kivulini, ongeza oksijeni kama una mtungi, au washa pampu ya hewa. Usingoje ufike. Kambare waliokwisha kukua kidogo huja juu kuvuta hewa kwa kawaida yao, kwa kuwa wana kiungo cha kupumulia hewa. Kwao ishara hiyo pekee haitoshi kuleta hofu.

Samaki wanakimbia ovyo, wanagonga kuta za chombo, wanajisugua. Kuna kitu kinachowaunguza. Mara nyingi ni klorini ya maji ya bomba, au chombo kilichooshwa kwa sabuni au kilichowahi kubeba dawa ya shamba. Hapa dawa ni moja: watolewe kwenye maji hayo mara moja. Kuongeza oksijeni hakusaidii.

Samaki wamelala ubavu lakini matamvua bado yanacheza taratibu. Huenda wamelevywa na hewa ukaa, au wamepata mshtuko wa joto. Usiwahesabu kuwa wamekufa. Wengi huamka ndani ya dakika 10 hadi 15 wakipata maji safi yenye hewa. Wafanyabiashara wasiojua hili hutupa samaki walio hai.

Maji yana povu zito na rangi ya matope ya kijani. Samaki walisafirishwa wakiwa wameshiba. Povu linatokana na ute na kinyesi, na amonia imepanda. Hili ni kosa la kabla ya safari, na dereva hana lawama.

Samaki walifika wazima, wakafa ndani ya saa moja baada ya kumwagwa. Walimwagwa haraka mno. Ama tofauti ya joto ilikuwa kubwa, ama pH ilibadilika ghafla.

Samaki walikuwa wazima siku ya kwanza, wakaanza kufa siku ya pili hadi ya tano, wengine wakiwa na madoa meupe kama pamba. Hao waliumia wakati wa kuvuliwa na kuhesabiwa. Magamba na ute vikitoka, kuvu huota kwenye kidonda. Aghalabu kosa liko kwenye wavu mkavu, mikono mikavu, au kurundika samaki wengi kwenye ndoo moja.

KABLA YA KUFUNGA

Hatua yenye faida kubwa kuliko zote haigharimu chochote: kuwanyima samaki chakula kwa saa 24 kabla ya safari. Vifaranga hutolewa bwawani na kuwekwa kwenye tangi la saruji au kyandarua chenye maji safi yanayopita. Matumbo yakiwa matupu, uchafu hupungua sana. Muuzaji anayevua bwawani asubuhi na kufunga saa hiyo hiyo anauza hasara. Mnunuzi ana haki ya kuuliza samaki walilishwa mara ya mwisho lini.

Kuhesabu kufanyike ndani ya maji, kivulini, kwa kikombe chenye matundu au chujio laini. Njia ya kuhesabu vikombe vichache kisha kukadiria inakubalika ikiwa pande zote mbili zimeshuhudia.

Maji ya kusafirishia yawe safi, na joto lake lisitofautiane na la tangi walimotoka. Maji ya bomba yana klorini. Yaachwe kwenye chombo kipana kilicho wazi kwa angalau siku moja, huku yakipigwa hewa, au yatiwe sodiamu thayosalfeti kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Maji ya kisima kirefu nayo yana hila yake. Hayana klorini, lakini mara nyingi yana oksijeni kidogo na hewa ukaa nyingi, hivyo yapigwe hewa kwanza. Maji ya mto msimu wa mvua hubeba udongo unaoziba matamvua. Mito inayoshuka kutoka Elgon, kama Manafwa na Namatala, hubadilika rangi kwa mvua ya siku moja tu.

Chumvi husaidia. Gramu 2 hadi 3 kwa lita moja hupunguza kazi ambayo mwili wa samaki hufanya kutunza chumvi yake. Kwa jerikeni ya lita 20 hiyo ni takriban vijiko vitatu vya chakula vilivyosawazishwa. Itumike chumvi ya kawaida ya mezani. Chumvi ya Ziwa Katwe isitumike kwa kazi hii, kwa sababu ina magadi ndani yake. Magadi hupandisha pH, na pH ikipanda amonia hugeuka sumu.

KUFUNGA MFUKO

Utaratibu unaotumika duniani kote, kuanzia kwa wafugaji wa sato hadi kwa wasafirishaji wa samaki wa mapambo wanaotoka pwani ya Kenya kwa ndege, ni huu: theluthi moja maji, theluthi mbili oksijeni. Mifuko miwili huvalishwa mmoja ndani ya mwingine. Pembe za chini hufungwa kwa mpira ili samaki wasibanwe humo. Samaki wakishaingia, hewa ya kawaida hukamuliwa yote, kisha mpira wa mtungi huingizwa na oksijeni kujazwa hadi mfuko uwe mgumu kama mpira wa kuchezea, bila kupitiliza. Shingo ya mfuko husokotwa, hukunjwa na kufungwa kwa mipira miwili.

Kupuliza mfuko kwa mdomo ni kosa. Pumzi ya binadamu imekwisha punguzwa oksijeni na kuongezwa hewa ukaa, yaani mambo yale yale yanayowaua samaki.

Idadi hutegemea ukubwa wa samaki na urefu wa safari. Kipimo cha tahadhari cha kuanzia, kwa safari isiyozidi saa sita, ni gramu 50 za samaki kwa kila lita ya maji. Mfuko wenye lita 6 za maji basi utachukua gramu 300. Kama kifaranga ana uzito wa gramu 2, hao ni 150. Mwenye uzoefu na vifaa vizuri huweza kuzidisha, lakini kwa kupandisha kidogo kidogo huku akiandika matokeo. Vifaranga wadogo sana wapewe nafasi zaidi kwa uzito wao, kwa sababu gramu moja ya samaki wadogo hutumia oksijeni nyingi kuliko gramu moja ya samaki wakubwa.

Kambare wana taratibu zao. Miiba ya mapezi yao hutoboa mfuko, kwa hiyo waliokua hubebwa kwenye jerikeni au pipa lenye nafasi ya hewa juu. Wapangwe kwa ukubwa, kwa sababu mkubwa humla mdogo hata safarini. Hesabu ikipungua bila mizoga kuonekana, jibu mara nyingi liko tumboni mwa waliobaki.

Neno moja la usalama kwa madereva na utingo. Mtungi wa oksijeni usipakwe mafuta wala grisi kwenye valvu, usiguswe kwa mikono yenye oili, na usiwe karibu na sigara. Ufungwe imara usigaragare. Oksijeni na grisi huweza kulipuka.

BARABARANI

Njia ya kawaida kutoka Jinja ni kupitia Iganga, kisha kukata kushoto Nakalama na kufuata barabara ya Tirinyi, kupitia Namutumba na Budaka hadi Mbale. Jumla ni takriban kilomita 140 hadi 150. Kwa gari zima ni safari ya saa tatu hivi, lakini mwenye kubeba samaki apange kana kwamba ni saa sita. Gurudumu likipasuka, mizani ikiwa na foleni au mvua ikifunga njia, samaki wasipungukiwe. Mafuriko ya mwishoni mwa Julai 2022 mjini Mbale, mito Nabuyonga na Namatala ilipofurika, yalionyesha jinsi eneo hilo linavyoweza kukatika kwa usiku mmoja.

Wakati mzuri wa kutoka ni saa kumi au kumi na moja alfajiri, ili mzigo ufike kabla jua halijawaka. Mifuko isilazwe moja kwa moja juu ya bati la pikapu, kwa maana bati hupata joto haraka. Chini watandike mbao au majani ya migomba, juu wafunike kwa magunia yaliyoloweshwa, kisha turubai lisilobana hewa. Bora zaidi ni maboksi meupe mepesi, yale yanayobebea minofu ya samaki viwandani. Mfuko ulazwe ubavu badala ya kusimamishwa. Uso wa maji ukiwa mpana, oksijeni huingia kwa urahisi zaidi.

Barafu ikitumika, iwekwe nje ya mfuko, ndani ya chupa iliyofungwa na kufunikwa gazeti. Lengo ni nyuzi joto 22 hadi 24. Kipimajoto cha bei nafuu kinatosha kufanya kazi hiyo.

Kati ya Jinja na Mbale mwinuko haubadiliki sana, kwa hiyo mfuko hautatuna kwa sababu hiyo. Lakini mzigo unaoendelea kupanda hadi Kapchorwa, au kuvuka mpaka kwenda Eldoret, hupanda hadi karibu mita 2,000 au zaidi. Huko mgandamizo wa hewa ni mdogo na oksijeni ndani ya mfuko hupanuka kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Mfuko uliojazwa hadi mwisho Jinja unaweza kupasuka mlimani. Kwa safari hizo uachwe ulegee kidogo.

Wenye mizigo mikubwa hutumia tangi la plastiki juu ya lori, lenye pampu ya hewa ya volti 12 au mtungi wa oksijeni. Tangi lijazwe karibu na ukingo. Tangi lililo nusu hucheza maji kila gari linapofunga breki, na samaki hugongwa ukutani.

KUFIKA SI MWISHO WA SAFARI

Hapa ndipo hasara nyingi hutokea, na hapa ndipo somo la amonia na pH linapokuja na kishindo.

Ndani ya mfuko uliofungwa, hewa ukaa imeshusha pH. Kwa hiyo amonia iliyokusanyika njiani iko katika ile hali isiyo na sumu kali. Mfuko ukifunguliwa, hewa ukaa hutoroka, pH hupanda, na amonia ile ile huanza kugeuka sumu wakati samaki bado wamo. Mnunuzi anayefungua mifuko yote kwa pamoja, kisha akaanza kuhesabu samaki mmoja mmoja kwenye maji yale ya safari, anawatia sumu kwa mikono yake bila kujua.

Utaratibu unaofaa ni huu:

1. Mifuko iwekwe juu ya maji ya bwawa ikiwa bado imefungwa, kivulini, kwa dakika 15 hadi 30, ili joto lilingane. Tofauti isizidi nyuzi 2 au 3.

2. Ifunguliwe mmoja mmoja, si yote kwa pamoja.

3. Mara tu baada ya kufungua, maji ya bwawa yaongezwe kidogo kidogo ndani ya mfuko kwa muda wa dakika 10 hivi.

4. Mfuko uinamishwe, samaki watoke wenyewe. Ambao hawatoki wahamishwe kwa wavu laini uliolowa.

5. Kama kuhesabu ni lazima, mfuko mmoja wa sampuli uhesabiwe kwenye beseni la maji safi yenye hewa, na si kwenye maji ya safari.

Wasilishwe chakula siku ile. Siku ya pili wapewe kidogo. Kumwaga kufanyike asubuhi au jioni, kamwe si saa saba mchana.

TANGI LA KUSUBIRIA DUKANI

Baadhi ya wafanyabiashara wa Mbale huweka vifaranga dukani siku kadhaa wakisubiri wanunuzi. Tangi jipya lina tatizo ambalo mwenye samaki wa mapambo sebuleni analijua vizuri: maji yanaonekana safi kama kioo, na samaki wanazidi kunyong'onyea.

Sababu ni kwamba tangi jipya halina bakteria wanaokula amonia. Bakteria hao huishi kwenye mawe, changarawe na sifongo la chujio. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili hugeuza nitraiti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa. Huchukua takriban wiki nne hadi sita kwa makundi yote mawili kukomaa. Kabla ya hapo, samaki wachache tu ndio wawekwe, na robo ya maji ibadilishwe kila siku kwa maji yasiyo na klorini.

Samaki wanaohema ingawa pampu inafanya kazi, na matamvua yao yana rangi ya kahawia badala ya nyekundu, wameathiriwa na nitraiti, inayozuia damu kubeba oksijeni. Badilisha maji na tia chumvi kiasi kidogo, kwani chumvi huzuia nitraiti kuingia mwilini. Chujio lisioshwe kwa maji ya bomba, maana klorini itaua bakteria na kazi itaanza upya. Lisuuzwe kwa maji yaliyotoka kwenye tangi lenyewe. Na kwa kuwa umeme hukatika, pampu ndogo ya betri si anasa.

MPAKANI BUSIA NA MALABA

Vituo vya pamoja vya forodha vimepunguza muda wa kusubiri. Kile cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018. Hata hivyo, samaki hai wana karatasi zao ambazo mfanyabiashara hapaswi kuzitafuta akiwa tayari kwenye foleni.

Wafanyabiashara wadogo wenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani huweza kutumia utaratibu wa biashara uliorahisishwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakiwa na cheti rahisi cha uasilia wa bidhaa, ikiwa bidhaa imo katika orodha. Wengi hudhani cheti hicho kinamaliza kila kitu. Kinahusu ushuru wa forodha tu. Hakiondoi haja ya cheti cha afya ya samaki kutoka kwa idara ya uvuvi ya nchi inayotuma, wala kibali cha nchi inayopokea.

Sababu ya ukali huo ni magonjwa. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha dalili za kuwepo kwa virusi vya sato vijulikanavyo kama TiLV katika samaki wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda na wa Tanzania. Mfuko mmoja wenye samaki wagonjwa unaweza kuhamisha ugonjwa kutoka bonde moja la mto hadi jingine. Kwa hiyo maji ya safari yasimwagwe mtoni wala bwawani. Yamwagwe nchi kavu, mbali na mkondo.

Jambo la pili ni plastiki. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 Kenya imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea na ya kufungashia kwa matumizi ya biashara na nyumbani. Ufungashaji wa viwandani uliachiwa nafasi kwa masharti. Anayepeleka vifaranga Bungoma au Kakamega apate maelekezo ya mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo, NEMA, kabla ya kufunga mzigo, au atumie mapipa na matangi yenye pampu.

NANI ALIPE?

Ugomvi uliotajwa mwanzoni hupungua sana kukiwa na karatasi moja tu iliyosainiwa na pande tatu. Iandikwe: samaki waliacha kulishwa lini, idadi katika kila mfuko, uzito wa wastani, saa ya kufunga, joto la maji wakati wa kufunga, saa ya kufika, joto la maji ya mfuko na la bwawa wakati wa kufika, na waliokufa kabla ya kumwagwa.

Ikiwa karatasi ipo, muda wa kifo hutoa hukumu. Mifuko yenye povu na uchafu, au vifo vya siku ya pili hadi ya tano vyenye vidonda na pamba, humrudia muuzaji. Mifuko safi iliyofika na maji ya nyuzi 31, ilhali ilifungwa ikiwa na 23, ni suala la msafirishaji. Samaki waliofika wakiogelea vizuri na kufa saa moja baada ya kumwagwa ni mzigo wa mnunuzi. Makubaliano ya nani anabeba hasara ipi yafanywe kabla gari halijawashwa.

Baadhi ya wauzaji huongeza samaki wachache juu ya hesabu ili kufidia vifo vya njiani. Ni desturi nzuri, lakini haichukui nafasi ya kazi iliyofanywa sawasawa. Nyongeza ikirundikwa kwenye mfuko ule ule huongeza msongamano, na msongamano huongeza vifo. Samaki wa fidia wapewe mfuko wao.